Mlima ni wa Nani?

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji utakayeyakuta maneno haya gazetini, juma hili naomba tusafiri mbali kidogo. Twende Uswisi, katika kijiji kiitwacho Zermatt, kwenye milima ya Alps. Sitakudai nauli wala viza. Nitakachokudai ni subira tu, maana safari hii inaanzia Marangu na itarudi Marangu.

Desemba iliyopita nilikwenda nyumbani, kama tunavyokwenda sote wa kule kila mwisho wa mwaka. Sikukuu ilipokwisha, ukoo ukakaa kikao. Ajenda ilikuwa moja. Kihamba cha marehemu babu, ambacho kiko karibu na njia iendayo kwenye lango la mlima, kilikuwa kimepata mnunuzi. Ni mtu mwenye fedha zake kutoka mjini, na anataka kujenga hoteli ya watalii. Bei aliyoitaja iliwafanya vijana wetu washindwe kutulia vitini. Wazee walinyamaza. Ndipo baba mdogo, ambaye kwa miaka 23 alibeba mizigo ya wageni kichwani kuelekea Kibo, akanigeukia na kusema, "Mwanangu, redio imekufikisha mpaka Ulaya kwenye milima yao. Hebu tuambie, wenzetu wale walifanyaje na mlima wao?"

Siku ile nilijibu kwa kubabaika. Leo nataka kumjibu vizuri, na kwa kuwa swali lake si la ukoo wetu peke yake, nimeona nimjibu mbele yenu wote.

Tuanze na tukio la juzijuzi. Mnamo tarehe 9 Januari 2018 theluji nyingi ilikuwa imeanguka katika jimbo la Valais, kusini mwa Uswisi, hata reli na barabara za kuingia Zermatt zikafungwa kwa hofu ya maporomoko. Wageni wapatao 13,000 wakakwama kijijini. Hawakuwa wakimbizi hao. Walikuwa watu waliolipa fedha nyingi ili wafike mahali hapo. Helikopta zikaanza kuwavusha waliokuwa na haraka, na waliobaki wakasubiri hotelini, wakinywa na kutazama dirishani. Sasa fikiri: wakazi wa kudumu wa kijiji hicho hawafiki 6,000. Yaani kwa kila mwenyeji mmoja palikuwa na wageni wawili na zaidi.

Wageni hao hufuata nini? Wakati wa baridi hufuata skii. Kwa asiyeujua mchezo huo, ni kufunga miguuni mbao mbili ndefu na nyembamba, kisha kuteremka mlimani juu ya theluji kwa kasi inayotisha. Wakati wa joto hufuata kupanda milima, au kuitazama tu wakiwa wamekaa. Na mlima unaotazamwa kuliko yote ni Matterhorn, wenye kimo cha mita 4,478. Kwa urefu haufikii Kilimanjaro yetu, lakini umbo lake ni kama jino la mnyama mkali lililoelekezwa mbinguni. Ukiuona mara moja huusahau.

Mimi niliuona mwezi Septemba 2012. Nilikuwa nchini humo kwa mafunzo mafupi ya waandishi wa habari, na Jumapili moja nikapanda treni ndogo kutoka mji wa Visp. Treni hiyo hupanda taratibu katika bonde jembamba, mto ukiwa upande mmoja na majabali upande mwingine. Nilipoteremka Zermatt, kitu cha kwanza kilichonishangaza ni ukimya. Magari ya petroli hayaruhusiwi kijijini. Mgeni mwenye gari lake huliacha kijiji cha Täsch, kilomita kama tano chini, kisha akapanda treni kama mimi maskini wa Mungu. Ndani ya kijiji hupita vigari vidogo vya umeme, na hapa na pale gari la farasi la hoteli. Suala la barabara limewahi kupigiwa kura na wanakijiji zaidi ya mara moja, nao wakaamua kwamba magari ya wageni yasiingie.

Barabara kuu imejaa maduka ya saa na vito. Nilikunywa kikombe kimoja cha kahawa kwa faranga tano, nikaapa sitarudia. Lakini nilipoingia vichochoroni, nyuma ya hoteli, nikakuta kitu kingine kabisa. Yapo maghala ya zamani ya mbao, yaliyogeuka meusi kwa jua la miaka mingi. Yamesimamishwa juu ya vinguzo vifupi, na juu ya kila kinguzo limewekwa jiwe bapa la mviringo mithili ya sinia, ili panya asipande kuifikia nafaka. Nilicheka peke yangu. Ni nani kati yetu hajawahi kuona kihenge kilichoinuliwa juu ya miti kwa sababu hiyo hiyo? Nikajiambia kwamba hapa palikuwa na watu walioijua njaa.

Na kweli walikuwa wakiijua. Miaka ya 1830 Zermatt ilikuwa kijiji cha watu wasiofika 500. Walipanda shayiri na viazi kwenye vijishamba vya mteremko, wakafuga mbuzi, kondoo na ng'ombe wachache. Valais nzima ilikuwa ikijulikana Ulaya kwa umaskini, na kwa ugonjwa wa tezi la shingo uliotokana na upungufu wa madini joto katika chakula. Ilikuwa hadi mwaka 1922 ndipo Uswisi ilipoanza kutia madini hayo katika chumvi. Katika miaka ya 1850 familia nzima nzima za jimbo hilo zilifunga mizigo na kuhamia Argentina kutafuta ardhi. Tumezoea kuiona Uswisi kama nchi ya benki. Tusisahau kwamba wajukuu wa benki walikuwa na mababu waliokimbia njaa.

Kitu kimoja hata hivyo wanakijiji wale walikuwa nacho. Karne nyingi nyuma ardhi yao ilikuwa chini ya makabaila. Wakajikusanya, wakachanga, wakajinunua kidogo kidogo, mpaka kufikia mwaka 1618 walikuwa wamejikomboa. Tangu hapo misitu, malisho na maji vilikuwa mali ya jumuiya ya wenyeji. Hakuna mtu mmoja aliyeweza kuviuza kwa sababu havikuwa vya mtu mmoja. Naomba ulishike jambo hilo, maana tutalirudia.

Mwaka 1839 tabibu wa kijiji, Josef Lauber, alifungua nyumba ya kwanza ya wageni. Ilikuwa na vitanda vitatu. Kabla ya hapo mgeni alilala kwa padre. Wageni wenyewe walikuwa wataalamu wa miamba na mimea, na baadaye wakaja Waingereza waliokuwa na fedha, muda, na hamu ya kusimama mahali ambapo hakuna aliyewahi kusimama. Mwaka 1857 walianzisha mjini London chama chao cha wapanda milima ya Alps. Kilele baada ya kilele kikapandwa, ila Matterhorn ukabaki. Wengi wa wenyeji waliuogopa.

Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walifika juu. Kiongozi wa msafara alikuwa Edward Whymper, mchonga picha wa London, kijana wa miaka 25, aliyekuwa ameujaribu mlima huo mara kadhaa akashindwa. Pamoja naye walikuwa Waingereza wengine watatu: mchungaji Charles Hudson, kijana Douglas Hadow, na Lord Francis Douglas aliyekuwa na umri wa miaka 18. Waongozaji walikuwa Michel Croz kutoka Chamonix nchini Ufaransa, na Peter Taugwalder wa Zermatt pamoja na mwanawe mwenye jina hilo hilo.

Wakati wa kuteremka, Hadow aliteleza akamgonga Croz. Wote walikuwa wamefungwa kamba moja. Uzito wa wawili ukawavuta Hudson na Douglas. Kamba ikakatika kati ya Douglas na Taugwalder mzee. Wanne wakaanguka kiasi cha mita 1,200 hadi kwenye barafu chini. Whymper na akina Taugwalder wawili wakabaki wameng'ang'ania mwamba. Miili mitatu ilipatikana. Wa Lord Douglas haujaonekana mpaka leo.

Kipande cha kamba ile kimo katika jumba la makumbusho la Zermatt. Nilisimama mbele ya kioo nikakitazama kwa muda mrefu. Ni kamba nyembamba. Ukiiona utadhani ni ya kuanikia nguo.

Sasa sikiliza yaliyofuata. Habari zilipofika London magazeti yaliwaka moto. Watu wakauliza: je, yule mzee Taugwalder aliikata kamba ili ajiokoe? Ukafanyika uchunguzi kijijini, na hakuonekana na hatia. Lakini minong'ono ina miguu mirefu kuliko hukumu. Ilimwandama kila mahali. Alikwenda kuishi Marekani kwa miaka kadhaa, akarudi, na akafariki mwaka 1888 akiwa mtu aliyevunjika moyo. Whymper yeye aliandika kitabu, kikachapishwa mwaka 1871, na jina lake likakaa katika historia.

Niliposimulia hapo kikaoni, baba mdogo aliguna. Akasema, "Ndivyo ilivyo. Mgeni akifika juu, picha ni yake. Akianguka, kosa ni la mpagazi." Hakuna aliyecheka. Katika ukoo wetu tunamjua kijana aliyerudi kutoka mlimani amebebwa.

Ungedhani kwamba baada ya vifo vile wageni wangekimbia. Wapi! Walimiminika. Kila mtu alitaka kuuona mlima uliokula watu. Tangu mwaka huo zaidi ya watu 500 wamekufa katika Matterhorn, na karibu na kanisa yapo makaburi ya vijana wengi kutoka nchi mbalimbali. Kifo kiligeuka tangazo la biashara. Ni jambo gumu kulisema, lakini ndiyo historia yenyewe.

Aliyekuwa tayari kuwapokea wageni hao ni Alexander Seiler. Huyu hakuwa mzaliwa wa Zermatt. Alitoka sehemu nyingine ya jimbo lilelile la Valais, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza sabuni. Kaka yake alikuwa padre pale kijijini, ndiye aliyemwita aje aone fursa. Katika miaka ya 1850 Seiler aliichukua ile nyumba ya tabibu Lauber, akaipanua, akaiita Monte Rosa. Kisha akaongeza hoteli nyingine, na nyingine tena. Yeye na mkewe Katharina walijulikana kwa kumhudumia mgeni kama ndugu. Wanakijiji walipata kazi kwake. Waliuza kwake maziwa na nyama, wakabeba mizigo, wakaongoza wageni milimani.

Mwaka 1871 Seiler aliomba kitu kimoja: apokelewe kuwa mwenyeji kamili, mwanachama wa jumuiya. Wanakijiji wakakataa.

Kwa nini? Kwa sababu mwenyeji kamili alikuwa na sehemu yake katika msitu, malisho na maji. Walisema moyoni: mtu huyu ana hoteli, ana fedha, ana majina makubwa ya kumsaidia. Tukimpa na uenyeji, baada ya kizazi kimoja sisi tutakuwa vibarua katika ardhi ya baba zetu. Seiler hakukubali. Shauri likapanda hadi kwenye mamlaka za juu za shirikisho la Uswisi, likavutana kwa miaka 18, na mwishowe wanakijiji wakaamriwa wampokee. Hiyo ilikuwa mwaka 1889. Miaka miwili baadaye, mwaka 1891, Seiler akafariki, na mwaka huohuo treni ikafika Zermatt kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1889, ndugu msikilizaji, una maana na kwetu pia. Mwezi Oktoba mwaka huo Mjerumani Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Austria, walifika kilele cha Kibo. Purtscheller alikuwa bingwa wa Alps, na maarifa ya kukata ngazi katika barafu aliyapata huko. Aliyekaa nao katika kambi ya juu alikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Kilele wakakiita kwa jina la mfalme wao wa Ujerumani. Kwa hiyo mwaka uleule ambao wanakijiji wa Zermatt walikuwa wakibishana na mgeni kuhusu uenyeji wake, wageni waliozoea milima hiyo walikuwa wakiupa mlima wetu jina bila kumwuliza mtu. Tofauti iko wapi? Tofauti ni kwamba Zermatt walikuwa na mahali pa kupinga. Walishindwa shauri lao, lakini walikuwa na shauri.

Na hawakukaa wakinung'unika tu. Wakati ugomvi ukiendelea, wenyeji waliamua kujenga hoteli yao wenyewe. Kila familia ya jumuiya ilitoa nguvu kazi, kama tunavyofanya sisi katika msaragambo. Wakabeba mawe, wakakata miti ya msitu wao, na mwaka 1879 hoteli ikafunguliwa. Wakaiita Zermatterhof. Kichekesho ni kwamba hawakujua kuiendesha. Hatimaye wakaikodisha kwa Seiler huyohuyo waliyekuwa wakigombana naye! Lakini angalia hekima iliyomo. Walikodisha, hawakuuza. Mpangaji huja na kuondoka, nyumba hubaki. Leo Zermatterhof ni hoteli ya nyota tano, na mwenye mali bado ni jumuiya ya wenyeji. Jumuiya hiyo ina hoteli na mikahawa mingine, na ina hisa katika kampuni ya magari yanayopanda milima kwa waya. Watu wasomao majina ya wageni wakubwa waliopita pale, kama Theodore Roosevelt aliyepanda Matterhorn mwaka 1881, au Winston Churchill aliyepanda Monte Rosa mwaka 1894, wasisahau kwamba kodi ya vitanda vingine ilikuwa ikiingia katika mfuko wa wachunga mbuzi.

Mwaka 1898 ilifunguliwa reli ya umeme ya kupanda Gornergrat, kiasi cha mita 3,089 juu ya usawa wa bahari. Waliochimba njia hiyo wengi wao walikuwa vibarua wa Kiitalia. Hata hivyo, kijiji kilikuwa kikiishi kwa miezi michache tu ya joto. Theluji ikianguka, treni ilisimama na hoteli zikafungwa. Mwaka 1914 vita kuu ikaja, na vitanda vikabaki vitupu. Ndipo mtoto wa Seiler, Hermann, alipojaribu jambo lililoonekana kichaa. Majira ya baridi ya mwaka 1927 alileta Waingereza wapatao 180, akawatoa treni ilipoishia na kuwafikisha Zermatt kwa magari ya kuteleza yaliyovutwa na farasi. Muda si mrefu treni ikaanza kufika hata wakati wa baridi. Theluji iliyokuwa adui wa baba zao ikageuka mali. Mwishoni mwa mwaka 1979 gari la waya lilifika Klein Matterhorn, karibu mita 3,900, ambako watu waliweza kuteleza hata mwezi Julai.

Mpaka hapa unaweza kudhani kwamba nakusimulia hadithi ya watu wasiokosea. La hasha. Sikiliza ya mwaka 1963.

Mwanzoni mwa mwaka huo, wageni wakiwa wamejaa, homa ya matumbo ilizuka Zermatt. Ndiyo, taifodi, ugonjwa tunaouhusisha na mitaa yetu isiyo na mifereji. Maji ya kunywa yalikuwa yameingiliwa na uchafu. Hoteli zilikuwa zimeongezeka haraka kuliko mabomba na vyoo. Dalili zilionekana mapema, lakini wenye dhamana walichelewa kuutangazia ulimwengu. Msimu ulikuwa umepamba moto. Nani angependa kuwa mtu wa kwanza kusema kwamba maji ya kijiji cha matajiri yana sumu? Wageni wakanywa, wakaondoka na ugonjwa kwenda nao makwao. Habari ilipotoka mwezi Machi, ilitoka kama moto wa nyika. Hoteli zikafungwa, jeshi likaitwa, hospitali ya dharura ikafunguliwa. Waliougua walikuwa 437, na watatu wakafa.

Kijiji kilichotaka kuokoa wiki chache za mapato kikapoteza msimu mzima na jina lake. Aibu hiyo ilisaidia kuisukuma Uswisi kujenga kwa haraka mitambo ya kusafisha maji machafu. Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Nimekwisha kusikia katika nchi zetu mkuu mmoja akisema tusitangaze kipindupindu, watalii watakimbia. Namwomba aisome habari ya Zermatt.

Tena kuna doa lingine, ambalo halikuisha mwaka 1963. Jumuiya ya wenyeji ni ya kuzaliwa. Ina watu wapatao 1,500, wa koo zile zile kama Perren, Julen, Biner na Taugwalder. Lakini anayetandika vitanda na kuosha vyombo si wa koo hizo. Wengi ni Wareno. Kijana aliyeniletea ile kahawa ya faranga tano alikuwa mmoja wao. Aliniambia kwa Kiingereza cha kuungaunga kwamba analala Täsch, kwa sababu kodi ya chumba Zermatt ingemaliza mshahara. Kila alfajiri hupanda treni kwenda kuwaamsha matajiri. Nilimwuliza kama ameuona Matterhorn vizuri. Akasema, "Siku nikiwa na nafasi."

Waswisi wenyewe wameliona tatizo la nyumba. Tarehe 11 Machi 2012, miezi sita kabla sijafika, walipiga kura nchi nzima kwamba nyumba za mapumziko, zile ambazo mwenyewe hulala siku chache kwa mwaka, zisizidi asilimia 20 ya nyumba katika kijiji chochote. Hoja ilipita kwa asilimia 50.6 tu. Jimbo la Valais lilipinga kwa nguvu, maana huko ujenzi ni ajira. Kwa hiyo hata kwao jibu si rahisi. Mtu wa mjini anataka mlima ubaki mzuri, na mtu wa mlimani anataka mwanawe ale.

Na mlima wenyewe haubaki kama ulivyokuwa. Mwishoni mwa Julai 2022 joto liliwalazimisha kusimamisha skii ya kiangazi pale juu. Kwa miaka miwili tu, 2022 na 2023, barafu za Uswisi zilipungua kwa sehemu moja ya kumi. Sisi tunaoitazama Kibo tangu utotoni hatuhitaji kuelezwa maana yake. Baba mdogo huonyesha kwa mkono mahali barafu ilipokuwa ikianzia alipokuwa kijana. Hoteli itakayojengwa leo kwa ajili ya weupe wa mlima, je, itauza nini siku weupe huo utakapokwisha?

Sasa nirudi Marangu, kama nilivyoahidi.

Baba mdogo, jibu langu ni hili. Wenzetu wale hawakutajirika kwa sababu wageni walikuja. Wageni wamekwenda mahali pengi duniani na kuwaacha wenyeji maskini vilevile. Walitajirika kwa sababu wageni walipokuja, msitu, malisho na maji vilikuwa na wenyewe waliokuwa wamejiandikisha pamoja, na hawakuviuza. Mtu wetu wa mjini akitaka kujenga, tukae naye tuzungumze habari ya kukodi kwa miaka maalumu, tuandikishane mbele ya mwanasheria, na ukoo uwe na hisa. Akikataa, tutajua kwamba alichokuwa akikitaka ni kihamba chenyewe, hoteli ilikuwa kisingizio. Fedha ya kuuza hugawanywa siku moja. Nimekwisha kuona pikipiki ngapi zilizonunuliwa kwa ardhi, na leo ni chuma chakavu.

Lakini kuna jambo la pili, na hili ndilo lililonifanya nibabaike siku ile. Wanawake wa Uswisi hawakupata haki ya kupiga kura katika mambo ya taifa mpaka mwaka 1971. Katika jimbo la Valais walipata mwaka 1970. Kwa hiyo wale wenyeji ninaowasifu, waliomkatalia Seiler mwaka 1871 na waliokuwa madarakani maji yalipochafuka mwaka 1963, walikuwa wanaume peke yao. Waliposema "sisi", nusu ya kijiji haikuulizwa.

Nami siku ile, nikiwa natafuta maneno ya kumjibu baba mdogo, nilisikia vyombo vikigongana jikoni. Shangazi alikuwa akitupikia. Ndiye anayekipalilia kihamba kile, ndiye anayekata majani ya ng'ombe na kuuza ndizi sokoni, na ndiye aliyemwuguza babu mpaka siku yake ya mwisho. Tulikuwa wanaume kumi na mmoja tukijadili kama tuiuze ardhi iliyo chini ya miguu yake, na hakuna aliyekumbuka kumwekea kiti. Hata mimi, mtu wa redio.

Kikao kitarudiwa Pasaka. Nimekwisha kupiga simu nyumbani na kumwambia baba mdogo kwamba sitasema neno lolote juu ya hoteli mpaka shangazi awe amekaa. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Basi, na wewe uje mapema tutafute mtu wa kupika."

Hadi juma lijalo, Mungu akipenda, kwaherini.